SOMO: Kutafuta ukoo wakati vitabu vimeungua
Tunayoweza kujifunza kwa familia za Polandi



Katika kila kambi, na katika kila nyumba iliyopokea watu waliohamishwa na vita, yuko mzee anayeulizwa maswali asiyokuwa na karatasi ya kuyajibu. Mtoto huyu alizaliwa tarehe gani? Baba yake aliitwa nani kwa jina kamili? Shamba lenu lilipakana na la nani? Cheti kilibaki nyumbani, nyumba ikaungua, na ofisi ya komini nayo ikaporwa. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Vita vimetuonyesha kwamba hata mtu bila daftari anaweza kupotea bila habari.

Katika somo hili tunaangalia nchi ya mbali, Polandi, iliyoko Ulaya. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, katika Vita Kuu ya Pili nchi hiyo ilipoteza watu wapatao milioni sita, karibu nusu yao wakiwa Wayahudi, na pamoja nao zilipotea karatasi nyingi mno. Hata hivyo leo, zaidi ya miaka 80 baadaye, wajukuu bado wanapata majina ya babu zao. Pili, baadhi ya wakimbizi wa Polandi walifika karibu na kwetu. Walikaa Masindi, Uganda, ng'ambo ya Ziwa Albert ukitokea Ituri.

Baada ya somo hili tunataka kila kikundi kiweze:
- kueleza jinsi kumbukumbu za ukoo zinavyopotea, na jinsi zinavyopona;
- kufuata hatua za kutafuta jina lililopotea;
- kuamua nini cha kuandika leo, na nini kisiandikwe.

1. Yaliyoipata Polandi

Polandi iligawanywa na majirani wake watatu, Urusi, Prussia na Austria, katika miaka ya 1772, 1793 na 1795. Haikuwa tena dola huru hadi mwaka 1918. Kwa hiyo hata kabla ya vita tunavyovizungumzia, vitabu vya ubatizo, ndoa na vifo viliandikwa kwa lugha mbalimbali: Kilatini upande wa Austria, Kijerumani upande wa Prussia, na upande wa Urusi kwanza Kipolandi, kisha Kirusi tangu mwaka 1868.

Tarehe 1 Septemba 1939 Ujerumani iliishambulia Polandi kutoka magharibi. Tarehe 17 mwezi uo huo Muungano wa Kisovyeti uliingia kutoka mashariki. Mwaka 1940 na 1941 Wasovyeti waliwapakia mamia ya maelfu ya raia katika magari ya moshi na kuwapeleka Siberia na Kazakhstan. Mwaka 1942, baada ya mapatano kati ya serikali mbili, zaidi ya watu 110,000, askari na raia, walitoka huko na kufika Uajemi. Kutoka Uajemi, wapatao 18,000, wengi wao wanawake na watoto, waliletwa Afrika ya Mashariki na ya Kusini. Kambi ya Tengeru, karibu na Arusha, ilikuwa na watu wapatao 5,000. Makaburi yao yako pale hadi leo. Masindi walijenga kanisa, nalo bado limesimama.

Wakati huo, mji mkuu wao Warszawa ulikuwa ukiteketea. Baada ya wakazi kuinuka dhidi ya Wajerumani mwaka 1944, jeshi la Ujerumani lilichoma mji mtaa kwa mtaa. Hifadhi kuu ya nyaraka za kale ilichomwa tarehe 2 Septemba 1944. Hifadhi ya nyaraka mpya ilichomwa tarehe 3 Novemba, wakati mapigano yalikuwa yamekwisha. Moto huo haukuwa ajali ya vita. Ulikuwa kazi ya makusudi, ili taifa lisiwe na kumbukumbu.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, mipaka ilisogezwa. Miji ya Lwów na Wilno haikuwa tena ya Polandi. Zaidi ya watu milioni moja walihama mashariki kwenda magharibi, kila mmoja na mzigo alioweza kubeba.

2. Mfano wa mjukuu

Ili tuelewe vizuri, tuchukue mfano wa kufikirika, uliotungwa kwa mambo ambayo kweli yalizipata familia nyingi.

Mwanamke mmoja anaishi Uingereza. Bibi yake mzaa mama alifariki bila kusimulia mengi. Mjukuu ana vitu vitatu tu: jina la bibi, picha ya watoto wa shule iliyoandikwa nyuma "Masindi 1944", na maneno machache ambayo bibi aliyarudia: "Tulichukuliwa mimi, mama na kaka. Baridi ilikuwa imeanza kupungua. Baba hakuwepo, alikuwa ameshakamatwa. Tulipelekwa kwenye nyika isiyo na miti."

Anataka kujua jambo moja: babu wa mama yake alifia wapi? Familia haijawahi kumwombea kwa tarehe.

3. Hatua za kutafuta

Hatua ya kwanza: anza na walio hai. Usimuulize mzee tarehe, muulize mambo. Palikuwa na mvua au kiangazi? Nani alikuwa amebebwa mgongoni? Mlipita mto gani? Mjukuu wetu alidhani maneno ya bibi hayana faida. Lakini wanahistoria wanajua kwamba misafara ya Wasovyeti ilikuwa minne. Ule wa Februari 1940 ulikuwa katikati ya baridi kali. Ule wa tarehe 13 Aprili 1940 ulichukua hasa familia za wanaume waliokwisha kukamatwa, ukazipeleka Kazakhstan, nchi ya nyika. Basi baridi iliyopungua, baba asiyekuwepo na nyika isiyo na miti vinaelekeza kwenye msafara mmoja. Sentensi moja ya mzee ilifanya kazi ya cheti.

Hatua ya pili: andika sura zote za jina. Katika Polandi mwanamume huitwa Kowalski na dada yake Kowalska, nao ni ukoo mmoja. Mtu aliyeitwa Wojciech nyumbani anaonekana kama Adalbertus katika kitabu cha Kilatini. Karani Mrusi aliandika kwa herufi zake, na karani Mwingereza kambini aliandika alivyosikia. Anayetafuta tahajia moja tu atasema "hayupo", kumbe yupo ukurasa unaofuata. Sisi pia tunalijua jambo hili. Mzee aliyebatizwa kabla ya mwaka 1972, wakati serikali ya Mobutu ilipokataza majina ya Kikristo, anaweza kuwa na jina moja katika kitabu cha parokia na jingine katika kadi.

Hatua ya tatu: jua mahali na watawala wake. Lwów ya Wapolandi iliitwa Lemberg wakati wa Austria, na leo ni Lviv, Ukraine. Wilno leo ni Vilnius, Lithuania. Mtu anayetafuta lazima ajue kijiji, kisha parokia ya kijiji, kisha nchi inayotawala parokia hiyo sasa. Ni kama kwetu: barua iliyoandikwa Stanleyville, Costermansville au Albertville inatoka Kisangani, Bukavu au Kalemie.

Hatua ya nne: tafuta nakala ya pili. Hili ndilo jambo kubwa katika somo letu. Tangu zamani, sehemu nyingi za Polandi ziliandika vitabu vya kuzaliwa, ndoa na vifo mara mbili. Upande wa Austria kitabu kimoja kilikaa parokiani na nakala ikaenda kwa askofu. Upande wa Urusi nakala ilikwenda mahakamani. Kanisa likiungua, karatasi za mahakama zilipona; mahakama ikiporwa, kitabu cha parokia kilibaki. Vingine vilibebwa na waliohama baada ya 1945. Ndiyo maana vitabu vya parokia za Lwów na vijiji vyake viko leo katika nchi mbili: baadhi Lviv, baadhi Warszawa. Mjukuu wetu aliambiwa kwamba kitabu cha kijiji chao hakipo Lviv. Hakukata tamaa. Alikiuliza Warszawa, akapata ubatizo wa babu wa mama yake pamoja na majina ya wazazi, ya wasimamizi wa ubatizo na namba ya nyumba.

Hatua ya tano: pita njia ya pembeni. Kama jina la mtu halionekani, tafuta jina la ndugu yake, msimamizi wake wa ubatizo, shahidi wa ndoa yake, jirani yake. Uliza pia mahali ambapo familia ilipita. Shirika la Msalaba Mwekundu la Polandi limefanya kazi ya kutafuta watu tangu 1919. Katika mji wa Bad Arolsen, Ujerumani, kuna hifadhi yenye habari za watu wapatao milioni 17.5 walioteswa, waliofungwa au waliohamishwa na utawala wa Hitler. Hifadhi hiyo ilifunguliwa kwa watafiti mwaka 2007, na sehemu kubwa ya nyaraka zake inasomwa bure katika intaneti. Wapolandi waliotoka Kisovyeti mwaka 1942 walitoa ushuhuda wao kwa maandishi, hata watoto wa shule. Maelfu ya karatasi hizo yamehifadhiwa katika Hoover Institution, Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Na makaburi nayo ni vitabu: jiwe la Tengeru linaweza kutaja jina ambalo karatasi zimelisahau.

Hatua ya sita: kubali jibu, hata likiwa zito, na kubali pia kimya. Machi 1940 viongozi wa Kisovyeti waliamuru kuuawa kwa wafungwa wa Polandi. Karibu 22,000 waliuawa, na jambo hilo linakumbukwa kwa jina la msitu wa Katyń. Kwa karibu miaka 50 serikali ya Kisovyeti ilikana, hadi ilipokiri mwaka 1990. Mwaka 1994 Ukraine iliikabidhi Polandi orodha ya watu 3,435 waliouawa kutoka magereza ya upande wake. Katika mfano wetu, jina la babu liko ndani ya orodha hiyo. Familia ilikuwa imengoja miaka 54. Sasa ina jina, ina mwaka, na inaweza kuomboleza.

Lakini fikirini familia nyingine, ambayo baba yao alifungwa kaskazini zaidi, katika nchi ambayo leo ni Belarus. Orodha ya huko haijapatikana hadi sasa. Watu hao walitafuta kwa bidii ile ile, wakaandika barua zile zile. Kutopata jibu hakumaanishi kwamba hawakumpenda mtu wao. Viongozi, tusiwaambie watu wa namna hii "sahauni". Tukae nao.

4. Majina yaliyofukiwa ardhini

Si kila kitu kilipona kwa bahati. Baadhi ya majina yalipona kwa sababu watu waliamua.

Mwaka 1940 Wajerumani waliwafungia Wayahudi wa Warszawa ndani ya ukuta. Mwanahistoria Emanuel Ringelblum alikusanya kikundi cha watu walioandika kila kitu kwa siri: barua, bei ya mkate, tiketi, majina, habari za waliochukuliwa. Agosti 1942 walifukia sehemu ya kwanza katika masanduku kumi ya bati. Februari 1943 walifukia sehemu ya pili katika makopo mawili makubwa ya maziwa. Ringelblum aliuawa mwaka 1944, na wenzake karibu wote walikufa. Mmoja wa wachache waliobaki alionyesha mahali, na masanduku yakachimbuliwa Septemba 1946. Makopo yalipatikana Desemba 1950. Sehemu ya tatu haijaonekana hadi leo. Tuangalie pia jambo dogo la kazi: maji yaliingia katika masanduku ya bati na kuharibu karatasi, lakini zile za ndani ya makopo yaliyofungwa vizuri zilihifadhika zaidi.

Katika mji huo huo, Irena Sendler, mfanyakazi wa huduma za jamii, pamoja na wenzake, waliwatoa watoto wa Kiyahudi na kuwaficha katika familia na nyumba za masista kwa majina mapya. Mtoto mdogo husahau jina lake upesi. Basi Sendler aliandika jina la kweli na jina jipya la kila mtoto katika vipande vya karatasi nyembamba, vikatiwa ndani ya chupa na kufukiwa chini ya mti wa tufaha. Wazazi wengi hawakurudi. Lakini kwa karatasi hizo watoto waliweza kuambiwa walikuwa wa nani.

5. Orodha inaokoa, na orodha inaua

Kwa nini Sendler alizificha karatasi zake? Kwa sababu orodha ile ile ambayo ingemrudishia mtoto ukoo wake ingeweza kumfikisha kwa wauaji. Alipokamatwa Oktoba 1943, rafiki yake aliificha orodha ndani ya nguo zake, na polisi hawakuiona. Kumbukeni pia kwamba Wajerumani waliingia Polandi wakiwa tayari na orodha za walimu, mapadre na viongozi wa kukamatwa. Sisi wa Maziwa Makuu hatuhitaji kufundishwa na mtu jinsi neno moja katika kitambulisho linavyoweza kumuua mtu kwenye kizuizi cha barabarani.

Kwa hiyo tuandike majina ya kuunganisha familia, wala si ya kutenga watu. Jina, wazazi, mahali, mwaka: hayo yanatosha. Kabila, chama na upande wa vita visiingie katika daftari la familia. Daftari la kikundi lisibandikwe ukutani wala kupigwa picha na kila mtu mwenye simu.

Kuna jambo jingine la amani hapa. Mwaka 1943 na 1944, katika eneo la Volhynia na jirani zake, makundi ya wazalendo wa Ukraine yaliwaua makumi ya maelfu ya Wapolandi, na Waukraine nao waliuawa kwa kisasi. Mwaka 1947 serikali ya Polandi iliwahamisha kwa nguvu watu wapatao 140,000, wengi wao Waukraine, kutoka vijiji vyao. Leo mjukuu wa Mpolandi anapotafuta ubatizo wa babu yake, huenda kitabu kinatunzwa na Mukraine huko Lviv. Na mjukuu wa Mukraine aliyehamishwa hutafuta kijiji chake katika hifadhi za Polandi. Kila mmoja ameshikilia karatasi za mwenzake. Barua ya kuomba ukurasa mmoja haimalizi uadui, lakini inamlazimisha mtu kumwandikia mwenzake kwa heshima na kumshukuru.

6. Tufanye nini sisi

Kwanza, kila familia iandike ukurasa mmoja: majina kamili ya watoto, ya wazazi na ya babu na bibi wa pande zote mbili, kijiji, lokalite na parokia au kanisa, mahali walipozikwa wafu wetu. Hata asiyejua kusoma anaweza kusimulia, na mwanafunzi akaandika.

Pili, iandikwe mara mbili. Nakala moja ikae nyumbani ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji. Nyingine ikae mbali, kwa ndugu wa mji mwingine au mahali panapoaminika. Nakala mbili ndani ya sanduku moja ni sawa na nakala moja.

Tatu, mtoto akizaliwa, hata kambini, aandikishwe. Sheria ya Congo inatoa siku 90. Muda ukipita, mahakama inaweza kutoa hukumu inayoshika nafasi ya cheti, ile ambayo wengi huiita kwa Kifaransa "jugement supplétif". Polandi nayo ilifanya hivyo baada ya vita: cheti kilichoteketea kiliundwa upya kwa ushahidi na kwa karatasi nyingine.

Nne, aliyepotewa na mtu aende kwa Msalaba Mwekundu. Huduma ya kutafuta ndugu na kupeleka habari za kifamilia hailipiwi. Mtu yeyote akiomba pesa kwa kazi hiyo, msimpe.

Tano, wakubwa wa parokia, shule na vituo vya afya wajiulize: daftari letu lina nakala? Iko wapi?

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Katika familia yako, nani anajua majina ambayo hayajaandikwa? Utazungumza naye lini?
2. Jina lako limeandikwa kwa namna ngapi katika karatasi mbalimbali?
3. Mjukuu wa mfano wetu alisaidiwa na maneno machache ya bibi. Wewe unakumbuka maneno gani ya wazee kuhusu kukimbia kwao?
4. Ni habari gani zisizofaa kuandikwa katika daftari la kikundi chetu? Kwa nini?
5. Je, kuna karatasi au kumbukumbu za familia jirani zilizo mikononi mwetu? Tunaweza kuzirudisha namna gani?

Kazi ya nyumbani: kabla ya mkutano ujao, kila mshiriki aje na ukurasa wake, na nakala yake. Atakayekuja na majina matatu tu, apokelewe vizuri. Mjukuu wetu alianza na moja.